Chunusi si Uchafu: Sabuni ya Kunawia Uso Katika Joto la Garsen

Msichana wa shule ya upili aliyeota chunusi mashavuni, hapa Garsen, Kaunti ya Tana River, mara nyingi ana sabuni moja tu kwa kila kazi. Ni ile ndefu ya mche inayokatwa vipande kwa kisu juu ya kaunta ya duka. Ndiyo ya kufulia sare, ndiyo ya kuoshea sufuria, ndiyo ya kuogea. Alfajiri huchota maji kwenye ndoo, akaipaka sabuni hiyo usoni moja kwa moja, akasugua kwa kitaulo au dodoki kwa nguvu zake zote, kwa kuwa tangu utotoni ameambiwa kwamba chunusi huletwa na uchafu. Akimaliza, ngozi humkaza hadi kutabasamu ni taabu. Mkazo huo humpa imani kwamba uso sasa umetakata. Ikifika adhuhuri joto limepanda, jasho linatiririka, na zile chunusi zilizovimba zinamchonyota kuliko jana.

Makala haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa kijana wa boda boda wa pale Minjila ambaye kidevu chake kimejaa uvimbe chini ya mkanda wa helmeti, na kwa mama wa miaka 30 na ushei anayeshangaa kuona chunusi zimemrudia ukubwani. Wote watatu wamekuwa wakiambiwa wajisugue zaidi. Ushauri huo umewaumiza watu wengi, na ni wakati uachwe.

Chunusi huanzia ndani, mahali ambapo kitaulo hakifiki. Kila kinyweleo cha usoni kina tezi ndogo ya mafuta pembeni yake. Mtu anapobaleghe, homoni za jamii ya androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huzichochea tezi hizo zitoe mafuta mengi kuliko zamani. Wakati huo huo seli zilizokufa, ambazo zilipaswa kubanduka na kutoka, hunatana ndani ya tundu la kinyweleo na kuliziba. Bakteria anayeitwa Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila binadamu, anayeoga mara tatu kwa siku na anayeoga mara moja kwa wiki, hustawi ndani ya mafuta yale yaliyofungiwa. Mwili hupeleka kinga yake kupambana naye, na hapo ndipo uvimbe, maumivu na usaha hutokea. Hata ule weusi unaoonekana kwenye vichwa vya baadhi ya chunusi si vumbi la barabara ya Hola. Ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyogeuka vyeusi baada ya kukutana na hewa.

Vitabu vingi vya tiba vimechapishwa na picha za Wazungu, ambao chunusi zao zilizovimba huwa nyekundu. Kwenye ngozi ya Mpokomo, Muorma au Mgiriama wekundu huo hauonekani hivyo. Uvimbe hujitokeza kama sehemu iliyokolea weusi, au ya hudhurungi, au yenye zambarau kidogo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na uso unaowaka na jirani asione lolote ila vipele. Kidole ndicho hutambua vizuri zaidi: ukigusa taratibu ukasikia joto, ugumu na maumivu, ngozi hiyo imevimba na haihitaji kusuguliwa hata kidogo. Kisha kuna doa. Chunusi iliyovimba ikishapoa kwenye ngozi nyeusi huacha alama nyeusi inayoweza kukaa miezi mingi, na wengi wanaokuja kulalamika juu ya chunusi, ukiwasikiliza vizuri, wanalalamikia yale madoa. Kila msuguo wa dodoki, kila chunusi iliyotumbuliwa kwa kucha, kila sabuni inayounguza, huongeza madoa hayo.

Sasa tuitazame sabuni yenyewe. Sabuni ya kawaida, ya mche au ya kuogea yenye harufu nzuri, hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta ya mawese, ya nazi au ya mnyama na magadi makali. Zao lake ni kitu chenye pH ya 9 hadi 10. Ngozi ya uso yenye afya ina asidi kidogo, pH yake iko karibu na 5. Kipimo cha pH hupanda kwa mara 10 kila hatua, kwa hiyo kutoka 5 hadi 9 ni tofauti ya mara 10,000. Ule utando wa asidi ndio unaoshikilia mafuta yanayounganisha seli za juu za ngozi na kuzuia maji yasivuje kutoka mwilini. Sabuni kali ikiuvuruga, ngozi huchukua saa kadhaa kuutengeneza upya. Anayenawa kwa sabuni hiyo asubuhi, mchana, jioni na usiku haipi ngozi yake nafasi ya kujitengeneza. Na bakteria wa chunusi, kwa bahati mbaya, hustawi zaidi ngozi inapopungukiwa na asidi yake.

Jambo hili limepimwa. Mjini Munich, Ujerumani, daktari wa ngozi H. C. Korting na wenzake walilinganisha vijana walionawa kwa sabuni ya kawaida na walionawa kwa kipande cha sindeti chenye asidi kidogo kama ya ngozi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1995 yalionyesha kwamba kwa muda wa miezi mitatu chunusi zilizovimba ziliongezeka kwa wale wa sabuni ya kawaida na kupungua kwa wale wa sindeti. Sindeti ni kitu kinachoshikika kama sabuni na kutoa povu kama sabuni, lakini hakikutengenezwa kwa magadi. Viondoa uchafu vyake vimeundwa maabara na pH yake inaweza kushushwa ikaribie ile ya ngozi. Kipande cha kwanza cha aina hiyo kilichoenea madukani kilikuwa Dove, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1957.

Huko huko Marekani, mwaka 1979, Peter Frosch na Albert Kligman walichapisha jaribio lililobadilisha mazungumzo ya sabuni duniani. Waliweka maji ya sabuni ndani ya vikombe vidogo vilivyobanwa juu ya ngozi ya mkono, siku baada ya siku, wakapima wekundu, ukavu na mipasuko. Walipima sabuni 18 zilizouzwa madukani, na tofauti kati ya ile laini kabisa na zile kali ilikuwa kubwa mno. Hadi wakati huo watu walizoea kudhani sabuni zote ni sawa, zinatofautiana harufu tu. Naona ni haki kusema pia kwamba Kligman ni yule yule aliyewafanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao watu weusi, jambo ambalo kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliomba radhi kwalo mwaka 2021. Elimu ya ngozi tunayoitegemea leo imepita pia kwenye migongo ya watu waliodhulumiwa, na msomaji mweusi ana haki ya kulijua hilo.

Maji nayo yana neno. Mto Tana husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita Garissa na Hola, ukatufikia hapa ukiwa wa rangi ya udongo kabla ya kuingia baharini Kipini. Nyakati za mafuriko, kama yale ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, maji hayo huwa tope tupu, na chembe zake za mchanga ukizisugua usoni hukwaruza sawa na msasa. Visima navyo, hasa kuelekea pwani, vina maji ya chumvichumvi au maji magumu yasiyotaka kutoa povu. Kila mama anayefua anayajua maji hayo: sabuni inaisha upesi, na kwenye beseni hubaki utando mweupe unaong'ang'ania. Ni chokaa ya maji iliyoshikana na sabuni, na utando ule ule hubaki usoni. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, walionyesha mwaka 2018 kwamba kunawa kwa maji magumu huacha kemikali nyingi zaidi za sabuni juu ya ngozi na kuiwasha zaidi.

Kwa hiyo mtu wa Garsen mwenye uso uliovimba anahitaji kuyafikiria maji kabla hajafikiria chupa ya bei. Maji ya mto yaachwe yatuame usiku kucha, na yakiwa machafu sana yatiwe shabu kama tunavyofanya kwa maji ya kunywa, kisha yachujwe kwa kitambaa safi na kuchemshwa. Lita moja inatosha kunawa uso asubuhi na jioni. Maji ya mvua ni bora kuliko yote, kwa kuwa hayana chokaa. Familia yenye bati na mtungi inaweza kuweka kando jerikani moja ya masika kwa ajili ya nyuso. Na pale maji ni magumu na hayana mbadala, sindeti ina faida nyingine: haigandi na chokaa kama sabuni ya magadi.

Tuingie dukani. Kwenye maduka ya Garsen macho hukutana kwanza na sabuni zinazojinadi kwamba zinaua vijidudu. Mtu mwenye chunusi huvutwa nazo, maana amesikia kuwa chunusi ina bakteria. Lakini bakteria wa chunusi wamejificha ndani ya tundu, chini ya kizibo cha mafuta, na sabuni inayokaa usoni nusu dakika haiwafikii. Wakati huo huo wengi wa hao wauaji wa vijidudu ni wakali kwa ngozi iliyovimba. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipiga marufuku viungo 19 vya aina hiyo kwenye sabuni za watu wa kawaida, triklosani ikiwemo, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba vinafanya kazi kuliko sabuni na maji au kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku. Kwa uso unaowaka, hizo ziache kwenye rafu.

Ziache pia sabuni zenye chembe za kusugulia, zile zinazopoza kama peremende, na zile ambazo harufu yake inakufikia kabla hujafungua karatasi. Manukato, ambayo kwenye orodha ya viungo huandikwa 'parfum', ni miongoni mwa vitu vinavyowasha ngozi mara nyingi zaidi. Ukiona herufi SLS zikiwa mwanzoni mwa orodha, jua hicho ndicho kiondoa mafuta kikali ambacho wanasayansi hukitumia makusudi wanapotaka kuiwasha ngozi kwenye majaribio yao. Wala usidanganyike na picha ya mtoto mchanga. Sabuni nyingi za kipande za watoto ni sabuni za magadi zilizopunguzwa rangi na harufu tu.

Unachotafuta ni kitu kisichosisimua: kipande cha sindeti au maji mazito ya kunawia yasiyo na harufu, yenye povu dogo, yaliyoandikwa kwamba hayana sabuni au kwamba pH yake ni karibu 5.5, na yenye gliserini. Chupa za kigeni za namna hiyo, kama Cetaphil ambayo ilianzia Texas mwaka 1947, hupatikana Malindi na Mombasa na bei yake huvuka shilingi 1,000, fedha ambazo familia nyingi za hapa haziwezi kuzitoa kwa ajili ya uso wa mtoto mmoja. Kipande cha sindeti huuzwa kwa mia chache za shilingi, na kikikatwa vipande vidogo, kikakaushwa kila baada ya matumizi na kutotumiwa kwa kazi nyingine, humfikisha mtu mbali. Mimi ningenunua kipande hicho na kuacha vyote vingine, losheni za kusuuzia, vitambaa vyenye dawa na barakoa za matope. Fedha zinazobaki ziwekwe kwa ajili ya dawa yenyewe, maana sabuni laini haiponyi chunusi zilizovimba. Kazi yake ni kuondoa jasho, mafuta na vumbi bila kuongeza jeraha, ili dawa iweze kuvumilika. Wagonjwa wengi huacha dawa nzuri wiki ya pili kwa kuwa inawachoma, kumbe kinachowachoma ni ngozi iliyokwisha kuchunwa na sabuni.

Kabla hujalipa, tazama nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba iliyo chini yake. Namba hiyo unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukajibiwa kama kibali ni cha kweli. Ni jambo la dakika moja, hata kwa simu ya kitochi.

Wapo watakaouliza: na vya kwetu je? Swali hilo ni zuri. Wanawake wa Kisomali, na majirani zao wa Tana na Garissa, wana qasil, unga wa kijani unaotokana na majani makavu ya mkunazi. Ukiuchanganya na maji hutoa povu, kwa sababu majani hayo yana saponini, viondoa uchafu vya asili vya mmea. Mkunazi si mgeni kwa Mwislamu yeyote wa pwani. Majani yake ndiyo tunayowaoshea maiti wetu. Kwa ngozi isiyovimba qasil ni kioshea uso cha heshima, cha bei nafuu, na kisicho na manukato. Kwa uso unaowaka kuna masharti. Unga uwe laini sana, uchekechwe kwa kitambaa, kwa sababu vipande vya majani hukwaruza. Uwe rojorojo nyepesi, upakwe kwa ncha za vidole na kusuuzwa mapema kabla haujakauka na kubana. Usichanganywe na ndimu wala manjano yenye rangi ya dukani. Jaribu kwanza chini ya taya kwa siku mbili tatu, ukiwasha, acha.

Liwa nalo, lile la msandali linalosagwa juu ya jiwe kwa maji ya mawaridi, lina sifa yake ya kupoza ngozi na kuwarembesha bibi harusi wa Lamu na Mombasa. Lakini si kitu cha kunawia, na likiachwa likauke juu ya chunusi zenye vidonda huhitaji kusuguliwa ili litoke. Nalipenda liwa, na ningelisubirisha hadi uvimbe uishe.

Kuhusu ndimu sina subira. Maji ya ndimu yana asidi kali kupita kiasi, na zaidi ya hapo yana kemikali zinazoshirikiana na jua kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi yasiyotoka upesi. Garsen iko nyuzi mbili na kidogo tu kusini mwa ikweta. Kupaka ndimu usoni kisha kutoka shambani au kupanda pikipiki ni kujiunguza. Dawa ya meno hukausha kichwa cha chunusi na kuchubua ngozi inayokizunguka. Spiriti ya kinyozi, inayopakwa kidevuni mara tu baada ya wembe, huchoma mahali palipokatwa, na vile vipele vigumu vya ndevu zilizogeukia ndani huzidi. Kijana mwenye vipele hivyo amwombe kinyozi aache nywele fupi kidogo badala ya kunyoa hadi ngozi, na aoshe kwa maji na sabuni laini.

Hatari kubwa kuliko hizo zote iko kwenye vikopo vidogo visivyo na orodha ya viungo, vinavyouzwa kwa ahadi ya kuondoa madoa kwa siku saba. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku sabuni na krimu zenye zebaki, haidrokwinoni na homoni za steroidi kwa tangazo la kisheria la mwaka 1998, lakini bado zinaingia. Zebaki huharibu figo. Krimu za steroidi kama betamethasoni na klobetasoli ni dawa halali mikononi mwa daktari, kwa ugonjwa mwingine na kwa muda mfupi. Zikipakwa usoni kwenye chunusi, wiki ya kwanza uvimbe hutulia na mtu husifu. Miezi michache baadaye ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na chunusi za steroidi zimetapakaa hadi shingoni. Akiacha ghafla uso humfura na kumwaka. Msichana aliyeanza na chunusi za kawaida hujikuta na ugonjwa wa pili ulio mzito kuliko wa kwanza, na yote yalianza kwa kuona haya kwa sababu ya madoa.

Namna ya kunawa ni rahisi, na ina uzito sawa na sabuni yenyewe. Nawa mikono kwanza. Lowesha uso kwa maji ya uvuguvugu au ya kawaida; ya moto sana huongeza uvimbe. Chukua sabuni kidogo viganjani, si usoni, uifanye povu, kisha ipitishe kwa ncha za vidole kwa mzunguko mwepesi, nusu dakika hadi dakika moja, ukifika kwenye taya na mpaka wa nywele. Suuza hadi utelezi uishe. Kausha kwa kugandamiza kitambaa safi cha pamba, kitambaa chako peke yako, usifute. Dakika tano baadaye isikilize ngozi yako: ikikaza, ikiwasha au ikichonyota, sabuni hiyo ni kali kwako, hata kama jirani anaisifu. Mara mbili kwa siku zinatosha, na mara moja zaidi kama umetoka jasho jingi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwagawa vijana wa kiume wenye chunusi katika makundi ya kunawa mara 1, mara 2 na mara 4 kwa siku, na wale wa mara 4 hawakuwapita wale wa mara 2.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi hapa, nina neno la nyongeza. Anayesali sala tano hupitisha maji usoni mara tatu kwa kila udhu. Uso huo hauhitaji sabuni kila mara. Maji ya udhu yanatosha kuondoa jasho la mchana. Sabuni laini iwe ya alfajiri na ya kabla ya kulala. Anayevaa nikabu abadilishe kitambaa kila siku, kwa kuwa jasho na mafuta yaliyoshikwa na nguo hurudi mashavuni. Vivyo hivyo kwa mkanda wa helmeti: ufuliwe, na helmeti ya abiria isipitishwe kichwa hadi kichwa bila kufutwa.

Baada ya kunawa wengi hupaka mafuta mazito, ya nazi au ya mgando, maana uso mkavu kwetu ni aibu. Uso wenye chunusi unahitaji unyevu kweli, lakini wa losheni nyepesi isiyo na harufu. Mafuta ya nywele nayo huteremka kwenye paji la uso kwa joto. Tangu 1970 madaktari wameandika juu ya chunusi zinazojipanga kwenye paji na karibu na masikio kwa watu weusi wanaopaka mafuta mazito kichwani. Ukiona chunusi zako zimejipanga hapo, anza kwa kupunguza mafuta na kufunga kichwa kitambaa usiku.

Si kila kipele ni chunusi. Vipele vidogo vinavyolingana, vinavyowasha sana, vilivyotapakaa kwenye paji, kifua na mgongo wakati wa joto, mara nyingi ni fangasi wa vinyweleo, na dawa za chunusi haziviponyi. Mabaka yasiyo na hisia yahitaji kuonwa na mtaalamu bila kuchelewa, maana ukoma bado upo pwani.

Na hapo ndipo tunapokwama. Madaktari bingwa wa ngozi wa Kenya wako zaidi Nairobi na Mombasa. Kutoka Garsen hadi Malindi pekee ni zaidi ya kilomita 100, na barabara ikikatwa na maji, kama inavyotokea, hakuna safari. Tanzania imetuonyesha njia. Tangu 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda, RDTC, kilichopo hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikiwafunza maafisa wa tiba kutoka nchi nyingi za Afrika, watu wasio madaktari bingwa lakini wanaoweza kutambua na kutibu magonjwa mengi ya ngozi katika hospitali za wilaya. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele cha afya ya jamii duniani. Kaunti ya Tana River ingefanya jambo la maana kuwapeleka Moshi maafisa wawili wa kliniki, mmoja wa Hola na mmoja wa huku kwenye delta, na kuhakikisha benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya kupaka, haikosekani kwenye hospitali zake. Ni dawa ya zamani, haisababishi usugu wa bakteria, na inafaa kwa wengi. Ianzwe kwa nguvu ndogo, usiku, na ujue kwamba hupausha rangi: leso, buibui na foronya zikae mbali nayo.

Kwako msomaji mwenye uso unaowaka: tafuta sabuni laini isiyo na harufu, nawa kwa vidole mara mbili kwa siku, na uipe ngozi wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhukumu. Usitumbue. Chunusi zikiwa mavimbe makubwa yanayouma, zikianza kuacha mashimo, zikitokea ghafla pamoja na kukosa hedhi, au zikikufanya ukimbie shule na watu, usisubiri wiki hizo; nenda hospitali ya Ngao au ya Hola mapema, na kama una mimba, mwambie mhudumu kabla hajakuandikia dawa, kwa sababu baadhi ya dawa za chunusi humdhuru mtoto tumboni.